Kwale kwa siku moja: Ndovu wa Shimba, vichochoro vya Gazi na maji ya Ramisi

KATIKA hoteli za Diani, ziara ya siku moja huuzwa kwa maneno machache: wanyamapori asubuhi, mji wa kale adhuhuri, mto jioni. Mgeni hulipa, huambiwa saa ya kuamka na kushauriwa avae viatu visivyoogopa matope. Asichoelezwa mara nyingi ni kwamba maeneo hayo matatu, yaani Milima ya Shimba, kijiji cha Gazi na mto Ramisi, yanaunganishwa na maji yatokayo kwenye milima ileile na historia iliyopita njia ileile. Tena kila mojawapo limesalia kwa sababu wenyeji wake wamekubali kulitunza, wengine kwa hiari na wengine shingo upande.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kusini mwa pwani ya Kenya msemo huo umekuwa ukiulizwa kama swali tangu utalii uliposhika kasi Diani katika miaka ya 1970. Hoteli zilisimama upande wa bahari, wafanyakazi wao wakaishi Ukunda ng'ambo ya barabara, na vijiji vilivyo mbali zaidi vikabaki kuyatazama magari yakipita. Ziara ya siku moja ni miongoni mwa njia chache zinazomtoa mgeni katika ua wa hoteli na kumfikisha kwa mwenyeji huyo anayetajwa na msemo. Ndiyo maana yafaa kueleza jinsi inavyokwenda, na fedha zake zinavyokwenda.

Jambo la kwanza kueleweka ni kwamba mwenye kupanga siku hii ni bahari. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, kwa hivyo kila siku husogea mbele kwa karibu saa moja. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita tatu. Katika siku hizo maji ya pwani hii hujaa alfajiri na tena alasiri, kwenye saa kumi hivi, ilhali adhuhuri hupwa na kuacha matope na mafungu ya mchanga wazi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri.

Mto Ramisi hauingiliki vyema kwa boti maji yakiwa yamepwa. Kwa sababu hiyo mwongozaji anayejua kazi yake huanza kwa kutazama jedwali la maji, kisha ndipo apange saa za msitu na chakula. Anayeuza ziara ileile kwa saa zilezile kila siku ya mwezi humfikisha mgeni Bodo kutazama boti zilizokaa juu ya tope. Maelezo yanayofuata ni ya siku ya bamvua, ambayo ndiyo inayofaa zaidi.

Safari huanza gizani. Kutoka Ukunda gari hurudi kaskazini kwa barabara ya Likoni-Lungalunga hadi Kombani, kisha hukunja kushoto na kuanza kupanda kupitia Matuga hadi mji wa Kwale, makao makuu ya kaunti. Anayetoka Mombasa naye hupitia hapo hapo Kombani, akivuka kwa feri ya Likoni au kuzunguka kwa barabara mpya ya Dongo Kundu. Lango la hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili za mwanzo zina thamani kuliko zote zinazofuata, kwani jua likishapanda wanyama hujificha vichakani.

Hifadhi ya Kitaifa ya Shimba Hills ilitangazwa rasmi mwaka 1968 na ina ukubwa wa kilomita mraba 192 hivi. Mtu aliyezoea picha za Maasai Mara atapigwa na butwaa: hapa ni msitu mnene na nyasi za kijani zilizo katika miinuko ya zaidi ya mita 400, na ukungu wa asubuhi unaoletwa na upepo wa bahari. Simba si wa kutarajiwa. Mnyama anayesifika ni palahala, swala mkubwa ambaye dume lake hugeuka jeusi linapokomaa na kubeba pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni. Nchini Kenya palahala hapatikani porini mahali pengine popote. Kundi lililopo ni dogo, na ugonjwa au moto mmoja mkubwa ungetosha kuliondoa kabisa katika orodha ya wanyama wa taifa hili.

Mgeni mwenye nguvu za miguu aweza kuandamana na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kuteremka hadi maporomoko ya Sheldrick, ambako maji huanguka kutoka kimo cha takriban mita 20. Kuteremka ni rahisi. Kupanda ndiko kunakowakumbusha wengi umri wao.

Maji hayo ndiyo siri ya siku nzima. Chemchemi ya Marere iliyomo hifadhini imekuwa ikipelekewa mabomba hadi Mombasa tangu enzi za ukoloni. Mito ya Mkurumudzi na Kidogoweni huanzia katika milima hii na kumwaga maji katika ghuba ya Gazi. Ramisi nao chimbuko lake ni huku huku. Msitu ukikatwa juu, mto hushusha udongo wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi, na mikoko iliyo chini hudhoofika kwa kukosa maji baridi ya kuchanganyika na ya chumvi. Mvuvi wa Gazi huenda hajawahi kumwona palahala maishani mwake, lakini samaki wake wachanga hukulia katika mikoko inayonyweshwa na msitu wa palahala.

Ndovu ndio mtihani wa milima hii. Wamezungukwa na mashamba ya mahindi, mihogo, migomba na minazi, na ua wa umeme uliowekwa kuwazuia haujawahi kuwazuia wote. Mwaka 2005 KWS iliwahamisha ndovu 150 kutoka Shimba hadi Tsavo Mashariki, mojawapo ya uhamisho mkubwa wa wanyama hao kupata kufanywa nchini. Watafiti waliowafuatilia waligundua kwamba baadhi ya madume walifunga safari ya kurudi walikotoka. Mnyama huyo hasahau njia ya nyumbani, na nyumbani kwake ni jirani na shamba la mtu.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inampa haki ya fidia ya Sh5 milioni kila familia iliyompoteza mtu kwa kushambuliwa na mnyama aliyetajwa katika orodha yake, na Sh3 milioni aliyepata ulemavu wa kudumu. Malipo hayo, na hasa ya mazao, yamekuwa yakichukua miaka mingi kufika. Mkulima anayekesha akigonga mabati ili kuwafukuza ndovu ana haki ya kuuliza ada ya langoni inamsaidia nini.

Jibu lililo bora zaidi mpaka sasa liko Mwaluganje, kaskazini mwa hifadhi. Katika miaka ya 1990 wenye mashamba, Wadigo na Waduruma, walikubali kuiacha ardhi yao bila kuilima ili iwe mapito ya ndovu kati ya Shimba na msitu wa Mwaluganje. Kila mmoja alipata hisa kulingana na ardhi yake, na mapato ya langoni hugawiwa wenye hisa. Kinyesi cha ndovu nacho kikapata soko kwa kutengenezewa karatasi. Mpango huo una udhaifu wake ulio wazi: watalii wakipungua, hisa hulipa kidogo au hailipi kabisa, na watalii wa Kwale wamepungua mara kwa mara. Walipungua baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, wakapungua tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwaka 2014 mataifa ya Ulaya yalipowaonya raia wao dhidi ya kuzuru pwani, na 2020 wakati wa korona. Mahindi yana hasara zake, lakini hayasubiri tangazo la ubalozi.

Kufikia saa nne asubuhi gari huwa likiteremka. Kabla ya kuiacha milima, yafaa kulitaja jina moja ambalo wauzaji wa ziara hulisahau: Mwele. Katika misitu hii ndiko Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui alikokuwa na ngome yake ya kujihami, na bila Mwele kijiji cha Gazi hakieleweki.

Wamazrui waliitawala Mombasa kwa karibu karne nzima hadi mwaka 1837, Seyyid Said wa Oman na Zanzibar alipowashinda na kuwakamata viongozi wao. Babake Mbaruk, Rashid bin Salim, alikuwa wa mwisho kushika utawala huo, naye alisafirishwa asirudi tena. Waliosalia waligawanyika: tawi moja likaenda Takaungu, kaskazini, na jingine likajenga Gazi. Mbaruk alikulia katika kumbukumbu hiyo. Kwa miongo kadhaa alipigana na masultani wa Zanzibar, akipatana nao leo na kuasi kesho, na kila alipozidiwa pwani alipanda milimani.

Mwaka 1895 mzozo wa urithi ulizuka Takaungu, na Waingereza wakaingilia kati kwa kumuunga mkono mdai waliyemtaka wao. Mbaruk hatimaye aliwaunga mkono jamaa zake walioasi. Mwezi Agosti mwaka huo kikosi kilichoongozwa na Admeri Harry Rawson kilipanda na kuiteka Mwele. Rawson huyo huyo ndiye aliyeamuru mizinga ipige kasri la Zanzibar mwaka mmoja baadaye, Agosti 27, 1896, katika vita vilivyokwisha kwa muda usiofika saa moja. Vita vya Mbaruk havikwisha upesi hivyo. Aliendelea kuwasumbua maadui zake msituni hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka pamoja na wafuasi wake na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alimalizia maisha yake Dar es Salaam.

Gazi ya leo ni kijiji cha wavuvi na wakulima kilichojificha nyuma ya minazi, nusu saa hivi kusini mwa Ukunda. Haina majumba ya ghorofa nne kama Mji wa Kale wa Mombasa, wala milango ya kuchongwa iliyopangana kama ya Lamu. Ina vichochoro vya mchanga, nyumba za udongo na makuti zilizochanganyika na za matofali na mabati, kuta za zamani za mawe ya matumbawe, na nyumba ya Sheikh Mbaruk, ambayo baadaye iligeuzwa kuwa shule. Mgeni anayetarajia makumbusho yenye maandishi ukutani atavunjika moyo. Anayetembea na mwenyeji, akasimuliwa huku watoto wakipita na madaftari yao, ataelewa mengi zaidi kuhusu jinsi dola zinavyoinuka na kuanguka.

Heshima inahitajika. Gazi ni kijiji cha Waislamu, watu wanaishi katika vichochoro hivyo, na kuingia na mavazi ya kuogelea ni utovu wa adabu. Kupiga picha ni kwa ruhusa. Mzee aliyeketi barazani husalimiwa kwanza kabla ya kuulizwa lolote, na shikamoo moja hufungua mlango ambao kamera haifungui.

Adhuhuri, maji yakiwa yamepwa, ndio wakati wa kuingia mikokoni. Akina mama wa kijiji walijenga njia ya mbao inayopita juu ya matope, na kiingilio cha njia hiyo ni chao. Hapo mgeni huonyeshwa tofauti ya mkoko wenye mizizi inayosimama kama miguu ya buibui, mchu unaotoa vipumulio kama penseli zilizochomekwa ardhini, mkandaa, muia, mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo, na mlilana unaosimama mbele kabisa ukikabili mawimbi. Kaa wekundu hukimbilia mashimoni kila ubao unapolia. Chakula cha mchana, wali wa nazi na samaki wa kupaka, hupikwa na akina mama hao hao kwa watakaoagiza mapema.

Kwa vizazi vingi mikoko ilikuwa boriti tu. Majahazi yaliibeba kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na Kenya haikupiga marufuku uuzaji huo wa nje hadi mwaka 1982. Kuni za viwandani na ujenzi wa ndani viliendelea kuikata. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) walianza kupanda upya mikoko Gazi pamoja na wakazi, na mwaka 2013 ukazinduliwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, wa kwanza duniani wa kijamii kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko.

Maana ya biashara hiyo ni rahisi kuliko jina lake. Mti wowote hufyonza hewa ya kaboni unapokua, lakini mkoko huizika pia katika tope lisilo na hewa, ambako majani na mizizi huoza polepole mno. Kampuni na watu wa nje wanaotaka kufidia moshi wanaoutoa huwalipa wakazi wa Gazi na Makongeni ili hekta 117 zisikatwe. Fedha hizo zimetumika kwa maji ya bomba, vitabu na ukarabati wa shule, na matumizi yake huamuliwa katika mikutano ya kijiji. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wakazi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, wameanzisha wa kwao kwa mfano huo.

Yaliyo kati ya Gazi na Bodo hupitwa haraka: Msambweni na hospitali yake kubwa, kisha Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilichoanzishwa mwaka 1927 kilifungwa mwaka 1988 na kuwaacha wengi bila riziki. Mashamba hayo yalikodishwa tena mwaka 2007, na ugomvi wa ardhi uliofuata umeshafika mahakamani. Mgeni huona miwa tu. Si vibaya akijua kwamba mto anaokwenda kuufurahia uliwahi kubeba jina la kiwanda kabla ya kubeba jina la ziara.

Bodo ni bandari ndogo iliyo mkabala wa kisiwa cha Funzi. Wakazi wengi wa hapa, wa Funzi na wa kijiji jirani kiitwacho Shirazi hujitambulisha kuwa Washirazi, na wamekuwa mabaharia tangu jadi. Kabla ya kupanda boti, hakikisho moja ni la lazima: kila abiria apewe jaketi ya kuokolea maisha inayomtosha, pamoja na watoto. Nahodha asiye nazo hafai hata kama bei yake ni nusu. Wakenya hawajaisahau feri ya Mtongwe iliyozama Aprili 29, 1994 na kuua watu 272.

Boti hufuata maji yanayojaa. Mwanzoni kuna ghuba pana yenye mafungu ya mchanga yanayozama taratibu, kisha kingo hukaribiana na mikoko husimama pande zote mbili. Furukombe hukaa juu ya mti mkavu akitazama chini, midiria hurukaruka kutoka tawi hadi tawi, na makorongo husimama pembezoni. Kadiri boti inavyopanda, chumvi hupungua, mikoko huachia nafasi minazi na ukindu, na hapo ndipo mamba huonekana wakiota jua katika kingo za tope. Nahodha mzuri huzima injini na kuacha maji yasukume. Nahodha mbaya hukimbiza boti kuelekea kwa mamba ili wateja wapate picha, akimfukuza mnyama ambaye kesho atamhitaji.

Jua likianza kuinama boti hugeuka, maji nayo hugeuka. Kuchelewa kuna gharama, kwani mkondo wa kupwa huacha vina vifupi na giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili unusu.

Baadhi ya wauzaji huongeza Shimoni katika siku hiyo hiyo: mapango ambamo inasimuliwa watumwa walifungiwa wakisubiri majahazi, na ng'ambo yake kisiwa cha Wasini na hifadhi ya baharini ya Kisite. Ni kosa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873 na utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria katika pwani hii hadi 1907. Historia nzito kiasi hicho haistahili dakika 20 kati ya chakula na boti. Shimoni na Wasini zina siku yao.

Kuhusu fedha, bei inayotajwa hotelini hujumuisha ada ya hifadhi, gari, mafuta, boti, chakula, mwongozaji na kamisheni ya muuzaji. Sehemu za kijiji, yaani kiingilio cha njia ya mikoko, chakula na mwongozaji wa Gazi, ndizo ndogo kuliko zote, na ndizo hupunguzwa kwanza mteja anapobembeleza bei. Msafiri anayetaka kujua ziara yake inamponya nani aweza kuuliza kabla ya kulipa: nani anapika, boti ni ya nani, nani atamtembeza kijijini. Muuzaji mwaminifu ana majibu. Ada ya KWS hulipwa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, pesa taslimu hazipokewi langoni, na Mkenya hutozwa kiwango cha chini kuliko mgeni kutoka nje akionyesha kitambulisho.

Miezi ya Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukivuma na bahari ikiwa tulivu, ndiyo mizuri zaidi. Kusi linapoanza Aprili huja na mvua za masika, barabara za ndani ya hifadhi huteleza na ghuba ya Funzi huchafuka. Kuanzia Julai mvua hupungua, lakini upepo bado ni mkali, na nahodha wa Bodo akisema leo hakuendeki, ni vyema kumsikiliza na kuongeza saa mbili Gazi.